Halwa ya Kuonja Tu

Kila asubuhi kwa miezi mitatu Yeslam alipiga funda la kwanza la chai isiyo na sukari, akakunja uso, akasema, "Hii si chai, ni maji ya kusuuzia birika." Kisha akainywa yote. Shariffa, mkewe, alikuwa akimsikiliza kutoka jikoni akicheka kimoyomoyo, kwa sababu alijua kesho atalalamika tena na kesho atainywa tena. Na huyu si mtu hivi hivi. Ni mpika halwa, mwana wa mpika halwa, na nyumba yao pale Kibokoni ilinuka hiliki na samli tangu kabla Shariffa hajaolewa ndani yake. Majirani walisema wazi kwamba hatamaliza wiki. Wakaaibika wao.

Kisa chote kilikuwa Ramadhani. Miezi mitatu nyuma Dakta Zilpah, wa kliniki ya sukari iliyoko upande wa Tononoka, alimwekea Yeslam karatasi mezani akamweleza bila kuzunguka. "Kipimo hiki, Mzee, chaonyesha sukari yako ilivyokuwa kwa miezi mitatu iliyopita. Huwezi kukidanganya kwa kujinyima siku mbili. Chako ni kumi na moja nukta tatu. Tutakirudia kabla ya mfungo. Kikishuka chini ya tisa, tutazungumza habari ya kufunga. Kisiposhuka, hufungi."

Yeslam alikuwa na miaka sitini na minane, na hajakosa kufunga tangu ana miaka tisa. Alifunga mwaka aliovunjika mguu. Alifunga mwaka aliomzika mamake. Siku ile alirudi nyumbani akakaa barazani, na kila aliyepita akamsalimu alijibiwa kwa kichwa tu. Shariffa alipomletea chakula, Yeslam alisema, "Mama Areej, wataka nikae hapa mchana wa Ramadhani nitafune kama mbuzi?" Hakula mpaka jioni.

Binti yao Areej, mwalimu, ndiye aliyenunua kipimo cha kidole na daftari kubwa la mistari, akamwambia babake aandike kila kinachoingia kinywani na kila namba inayotoka kidoleni. Basi Yeslam akaandika. Jamani, aliandika! Shariffa hakujua kama kuna mtu duniani mwenye uaminifu wa namna hiyo. "Tende nusu." "Wali vijiko sita, nilitaka saba." Mara moja walikwenda hitima, mwenye nyumba akamshikilia, na jioni ile Yeslam akaandika: "Kaimati moja, robo, kwa kumwonea haya mwenyeji. Robo tatu nimeitia mfukoni." Ilikuwa kweli. Shariffa ndiye aliyefua ile kanzu, na maneno aliyoyasema siku ile hayaandikiki.

Jumatatu wakaenda kutolewa damu. Majibu Alhamisi, kwa daktari mwenyewe. Na Ramadhani ilikuwa imebaki siku kumi na mbili.

Kungoja majibu ni adhabu, na Shariffa hakuumbwa kwa kungoja. Walipofika nyumbani alisugua ngazi ambayo ilikuwa safi. Akagombana na paka. Akapiga simu kliniki mara mbili, na mara zote mbili akajibiwa kwa upole, "Mama, majibu atawasomea daktari Alhamisi." Yeslam alimwambia akae chini. "Wewe kaa chini!" alimjibu, na mwenzake alikuwa amekaa.

Afadhali kulikuwa na kazi. Nesi aliyetoa damu alikuwa amewaagiza waje na dawa zote ndani ya maboksi yake, kipimo cha kidole, daftari, na maswali yaliyoandikwa, maana watu wakifika mbele ya daktari husahau hata wanachougua. Akasema pia Mzee aje na viatu vyepesi kuvua, miguu itakaguliwa. Shariffa akatia dawa kwenye mkoba, akamkata Yeslam kucha huku akimkemea asitikisike, kisha akaandika maswali. Yake yalifika saba. Alipomuuliza Yeslam la kwake alisema analo moja tu, na daktari ashalijua.

Alasiri ile Shariffa aliamua kunakili namba zote za daftari kwenye karatasi moja safi, kwa sababu mwandiko wa mumewe huwezi kumsomesha mgeni. Akapiga mistari, akaandika siku za wiki juu, akaanza. Jumatatu, saba. Jumanne, kumi na tatu. Jumatano, kumi na nne. Alhamisi, nane. Wiki ya pili vivyo hivyo. Wiki ya tatu akadhani amekosea, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Jumanne na Jumatano, wiki zote kumi na mbili, sukari imeruka juu. Chakula kilichoandikwa siku hizo ni kile kile cha siku nyingine, mboga, samaki, mkate wa ngano nzima. Hakuna kosa lolote.

Jumanne na Jumatano ndizo siku za kupika halwa, ya nikahi za mwisho wa wiki.

Shariffa akakaa na kalamu mkononi. Yeslam hali halwa. Alishaapa, na kwenye nikahi alikuwa akipitishiwa sahani akiipisha, watu wakimtazama kwa huruma. Hawezi kuila kwa siri, mtu aliyeandika robo ya kaimati. Basi ni nini?

Jumanne asubuhi akashuka kwenye jiko la halwa, nyuma ya nyumba, mahali ambapo kwa miaka arobaini na moja ya ndoa hakuwa na desturi ya kuingia kazi ikiendelea. Ni jiko la wanaume, lina joto na matusi. Yeslam alikuwa amesimama mbele ya sufuria kubwa la shaba, na Kahindi, aliyekuwa akifanya naye kazi mwaka wa kumi na tano sasa, akikoroga upande wa pili. Kahindi alipomwona akashtuka, akatafuta shati lake.

"Vaa, baba, sikukujia wewe," alisema Shariffa. "Baba Areej, lete kidole."

"Mama Areej, halwa iko motoni!"

"Na wewe pia uko motoni. Lete kidole."

Akamtoboa. Saba nukta mbili. Shariffa akavuta kigoda karibu na mlango, akakaa, akasema, "Endeleeni, kama sipo," na wao wakaendelea kama mtu anavyoweza kuendelea akiangaliwa na Shariffa. Mwanzo Yeslam alijibana. Lakini halwa haingoji. Sukari ilipokolea alichota kidogo kwa ncha ya mwiko, akakipuliza, akakilamba. Akasema, "Bado." Robo saa, akalamba. "Zafarani haijatoka." Samli ilipoingia, akalamba. Lozi zilipoingia, akalamba. Alikuwa halambi kwa uroho, masikini. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza. Kazi hiyo alifunzwa na babake akiwa kijana, na mkono wake ulikwenda kinywani wenyewe, bila yeye kuwa na habari nao.

Shariffa alihesabu mara kumi na tisa. Sufuria lilipoteremshwa akaenda na kipimo tena. Kumi na nne nukta sita.

"Hii nini?" Yeslam aliuliza.

"Hii ni halwa."

"Sikula halwa mimi! Nimeonja." Alimgeukia Kahindi kama anayetafuta shahidi. "Hata mwenye saumu huonja kwa ncha ya ulimi, mpishi ameruhusiwa. Kuonja hakujawa kula tangu dunia iumbwe."

"Mwenye saumu huonja akatema," alisema Shariffa. "Wewe watema?"

Kahindi akatazama chini akasema polepole, "Mzee, hata siku moja sijakuona watema." Kisha akatoka nje haraka, akisema anaenda kuongeza makaa, na makaa yalikuwa tele.

Shariffa alikuwa amejiandaa kugomba. Maneno yalikuwa yamepangana mdomoni. Lakini alipomwona mumewe anavyoitazama ile namba kwenye kioo kidogo, mwiko mkononi, maneno yote yakamtoroka. Hakuwa mwongo huyu. Hakuwa hata mroho. Miezi mitatu amejinyima kila kitu kinachompa mtu raha, akaandika mpaka vijiko, na hiki hakukiandika kwa sababu katika akili ya mpika halwa yeyote wa mji huu hakikuwa chakula. Kilikuwa kazi, kama vile kufuta jasho.

"Mara ngapi?" aliuliza Yeslam.

"Kumi na tisa. Sufuria moja."

"Na mimi hupika mawili." Akaweka mwiko chini.

Sasa sikiliza alichofanya. Sufuria la pili lilikuwa ni la arusi ya watu wakubwa wa Kizingo, watu wa kulalamika, na mtu mwingine angesema acha niliponye hili kwanza, kesho nitajirekebisha. Yeslam alifunga kinywa kwa leso, leso ya kichwani ya Shariffa mwenyewe, akaifunga kwa nyuma kama jambazi. Akapika kwa macho, kwa pua na kwa masikio. Akainamia sufuria kusikiliza povu linavyopasuka. Akachota akaangusha juu ya sahani, akatazama inavyokusanyika. Na pale ambapo ilikuwa lazima ulimi, alimwambia Kahindi, "Onja wewe. Niambie." Kahindi, ambaye miaka kumi na tano hakuwahi kuulizwa, alionja akasema inataka hiliki kidogo. Yeslam akakubali, akaitia. Shariffa alisimama mlangoni mpaka mwisho, miguu ikimuuma, na hakutaka kukaa. Alipopewa kipande akala, aliona ile halwa haina tofauti na halwa yoyote aliyowahi kuipika Yeslam katika maisha yake. Akamwambia hivyo. Yeslam akatikisa kichwa tu na leso yake usoni.

Lakini usiku mmoja ni mrefu kwa mtu mwenye hofu, na Jumatano asubuhi Shariffa alikuwa ameshafikiri vingine. Alimkuta Yeslam anatia daftari mkobani.

"Sikiliza," alisema. "Habari ya kuonja, haina haja kumwambia daktari. Umeshaacha. Yamekwisha. Ukimwambia ataona daftari lote ni uongo na hatakuruhusu kufunga. Wanijua sipendi uongo, lakini huu si uongo, ni kunyamaza."

Yeslam alifunga mkoba. "Nimesikia," alisema.

Na Shariffa akaridhika. Alijua vizuri kwamba mtu kusema amesikia si kusema amekubali, lakini alitaka kuridhika. Siku ile Yeslam alipika masufuria yake mawili kinywa kimefungwa, na jioni kidole kilitoa sita nukta tisa.

Alhamisi saa tatu wakaitwa ndani. Dakta Zilpah alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini, asiye na haraka.

"Sabalkheri, Mzee Yeslam. Sabalkheri, Mama."

"Alkheri, Daktari," alisema Yeslam. Shariffa alikuwa ameikazia macho karatasi iliyofunikwa mezani.

Daktari alianza na miguu. Akamvua Yeslam soksi, akamgusagusa vidole, akamuuliza anahisi nini. Miguu mizima. Ndipo akageuza karatasi.

"Nane nukta saba," alisema.

Shariffa alihesabu kwa vidole chini ya buibui kuhakikisha kama nane nukta saba iko chini ya tisa.

"Kutoka kumi na moja nukta tatu," daktari aliendelea. "Mzee, nina wagonjwa wa miaka thelathini na kitu ambao kazi hii imewashinda." Akafungua daftari. Akasoma, akageuza, akasoma, na alipofika kwenye kaimati ya mfukoni akacheka mpaka akatoa kitambaa. "Miaka yangu yote sijaletewa daftari kama hili. Natamani niwaonyeshe wenzangu." Kisha akachukua ile karatasi safi ya Shariffa, na kicheko kikapungua. "Ila hapa pananitatiza. Jumanne na Jumatano sukari yapanda, na chakula hakina kosa. Basi ni mwili wako tu wataka dawa zaidi. Nakuongezea kidonge kimoja cha jioni, kile chenye nguvu. Na kufunga, kwa daftari hili, nakuruhusu. Kwa masharti. Utapima adhuhuri na alasiri, na ikiwa chini ya nne wafungua pale pale, hata kama imebaki robo saa adhana."

"Alhamdulillahi!" Shariffa alisema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye benchi la nje. Akanyakua mkoba, akasimama, akaanza kumshukuru daktari na wazazi waliomzaa.

Yeslam hakusimama.

"Daktari," alisema, "daftari hilo lina kasoro."

Shariffa akamkanyaga mguu, akasahau kwamba mwenzake yu pekupeku. Yeslam alifumba macho kwa maumivu, akayafungua, akaendelea. Akaeleza yote. Akaeleza sufuria, mwiko, mara kumi na tisa, akasema hakujua, na kwamba Jumanne amejua. "Kila ulichokisoma hapo ni kweli," alisema, "lakini si kweli yote. Sikutaka uniruhusu kwa kitu usichokijua."

Dakta Zilpah akachukua ile karatasi ya dawa aliyokwisha kuandika, akaipiga mstari toka juu mpaka chini. Akarudi kwenye daftari, akatafuta kwa kidole, akasimama mahali. "Hapa. Jumapili, saa kumi. Tatu nukta saba, umetetemeka na kutoka jasho. Nilidhani ulichelewa kula. Mzee, Jumapili hupiki."

"Sipiki."

"Basi dawa unazomeza hata sasa nilizipima na sukari ya kuonja. Siku usiyoonja, dawa hukuzidi. Na mimi leo nilikuwa nakuongezea nyingine juu yake, kisha nikuache na njaa mchana kutwa." Akaweka kalamu. "Ungeanguka, Mzee. Pengine siku ya kwanza. Na pengine usingeinuka."

Shariffa alijikuta ameshakaa tena bila kujua alikaa saa ngapi.

"Sasa itabidi nipunguze dawa na nianze kukuangalia upya," daktari alisema kwa upole. "Siku tisa zilizobaki hazinitoshi. Ramadhani hii siwezi kukuruhusu. Utalipa baadaye, Mungu akipenda, nikishajua mwili wako unakwendaje. Nasikitika. Najua ulitaka nini."

Yeslam aliinamisha kichwa. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na Shariffa aliona kidole gumba kikisugua kingine, polepole, kama anayesoma uradi. "Nimesikia," alisema.

"Na nani aligundua habari hii ya Jumanne na Jumatano?" aliuliza daktari.

"Mke wangu huyu," alisema Yeslam. "Yeye ndiye aliyekaa akanakili namba zote, akanifuata mpaka jikoni. Bila yeye nisingejua."

"Mama, umeokoa maisha ya mtu," alisema Dakta Zilpah.

Wala Yeslam hakuongeza jingine. Hakusema habari za Jumatano asubuhi. Alijiinamia akavaa soksi, mguu ule uliokanyagwa mwisho. Shariffa alipewa sifa ile mbele ya daktari naye akashindwa kuipokea wala kuirudisha. Uso ulimwaka. Njiani kurudi nyumbani Yeslam alimuuliza mara mbili kama anaumwa.

Mwezi ukaandama. Mtaa mzima ukaamka kula daku. Asubuhi ya siku ya kwanza ya mfungo, saa moja, Shariffa, na saumu yake, alipanda juu na sinia: mkate, mayai mawili, chai isiyo na sukari, na vidonge, vichache kuliko vya zamani. Alimkuta Yeslam amekaa ukingoni mwa kitanda, madirisha kayafunga. Alitazama sinia akageuza uso.

"Niwekee, nitakula baadaye."

"Dawa haingoji baadaye."

"Shariffa, naona haya. Miaka hamsini na tisa. Wewe umefunga, na mimi nile mbele yako?"

Shariffa aliweka sinia kitandani, akakaa upande wa pili wake.

"Haya ni yangu, si yako," alisema. "Mimi ndiye niliyekwambia unyamaze. Ungenisikiliza, leo alasiri ningekuwa nakuokota chini. Na pale mbele ya daktari ukanisifu, ukanisitiri. Nimekaa na wewe miaka arobaini na moja nakukemea kila siku, na sikumbuki kama nimewahi kukwambia hili, basi lisikie. Sijaona mwanamume mkweli kama wewe. Watu watafunga mwezi huu kwa njaa na kiu. Wewe ulipewa ruhusa mkononi ukairudisha, na ulikuwa waitaka kuliko kitu chochote. Najivunia wewe, Yeslam. Sasa kula, kabla sijakasirika."

Yeslam alifuta macho. Kisha akasema Bismillahi, akamega mkate, akala, na Shariffa akakaa naye mpaka akamaliza.